Jenomu ya mitokondria katika kuainisha chaza, kome, kamba na jongoo bahari

Jenomu ya mitokondria ni DNA fupi iliyomo ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Iko nje ya kiini. Kwa wanyama wengi ni duara la herufi za DNA (besi) 14,000 hadi 20,000 hivi, lenye jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA na 2 za rRNA (RNA zinazosaidia kutengeneza protini). Seli moja huwa na nakala nyingi mno, kwa hiyo hupatikana hata kwenye nyama iliyokaushwa au kugandishwa.

Katika kuainishwa, wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo wanaihitaji kuliko wengi. Ganda la chaza hufuata umbo la jiwe aliloshikamana nalo, hivyo spishi moja huonekana kama mbili, na mbili kama moja. Jongoo bahari akishachemshwa na kukaushwa husinyaa na kupoteza rangi. Kamba aliyemenywa hana tena alama za kichwa wala ganda.

Kutaja jina la spishi tu, mara nyingi hutosha kipande cha herufi 658 cha jeni ya COI, mojawapo ya zile 13 za protini, ilimradi kuna sampuli ya kulinganisha iliyotambuliwa sawasawa. Swali likiwa ni ukoo upi uko karibu na upi, kipande hicho ni kidogo mno. Jeni 13 za protini kwa pamoja hutoa herufi kama 11,000, na mpangilio wa jeni nao ni ushahidi, kwani kwa chaza na jamaa zake zimehamahama sana.

Ili kupata DNA hiyo, kata nyama miligramu 20 hadi 25, uitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ute wa moluska (kundi la chaza na kome) huzuia PCR, yaani kunakili DNA kwa wingi maabara, ndiyo maana wengi hutumia kemikali ya CTAB kutoa DNA. Epuka utumbo, maana utasoma na DNA ya chakula alichokula.

Kwa kome wa jenasi ya Mytilus, sehemu unayokata huamua jibu. Mama huwarithisha watoto wote mitokondria zake, lakini baba naye huwapa watoto wa kiume zake, ambazo hutawala kwenye korodani. Aina hizo mbili hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 20. Ukichukua korodani utadhani umepata spishi nyingine. Joho, ngozi laini inayofunika mwili ndani ya kombe, nalo si salama, kwa sababu tezi za uzazi za kome huenea hadi humo. Chukua mguu au msuli unaofunga kombe.

Kosa jingine la mara kwa mara ni jedwali la kodoni, yaani linaloonyesha kila herufi tatu za DNA husomwa kuwa asidi amino ipi. Moluska na kamba husomwa kwa jedwali namba 5, jongoo bahari kwa namba 9, ambamo AAA ni asparajini badala ya lisini. Ukitumia lile la wanyama wenye uti wa mgongo, AGA na AGG zitasomwa kama kikomo na protini nzima itaonekana imekatwa katikati. Lakini jedwali likiwa sahihi na vikomo bado vipo, shuku nakala bandia iliyohamia kwenye kiini. Hiyo husomwa mara chache kuliko jenomu halisi, kwa hiyo angalia kina cha usomaji, yaani kila sehemu imesomwa mara ngapi.

Jeni ya atp8, mojawapo ya zile 13 za protini, ikikosekana kwa kome au chaza, usikimbilie kuandika kwamba haipo: ni fupi, hubadilika haraka, na programu nyingi huiruka. Itafute kwa mkono. Na duara la jenomu likigoma kufunga unapounganisha vipande vilivyosomwa, huenda kuna marudio marefu. Kwa Scapharca broughtonii, moluska mwenye makombe mawili, jenomu hufika herufi 47,000 hivi, na huhitaji usomaji wa vipande virefu.

Kabla ya kuchora mti wa nasaba, panga jeni za spishi zote sambamba kwa asidi amino kwanza, kisha rudi kwenye herufi. Nafasi ya tatu ya kodoni hubadilika upesi hadi kufuta kumbukumbu ya zamani, nayo huvuta koo zenye kasi ya mabadiliko zikae pamoja bila undugu.

Hata mti ukiwa imara, kwa kawaida unaonyesha nasaba ya upande wa mama tu. Chotara wa Mytilus edulis na Mytilus galloprovincialis ataonekana kama spishi ya mama yake, hadi jeni za kiini zipimwe.