Kunde hairithi bakteria wake
Tumezoea kusema kunde na soya hurutubisha shamba zenyewe, kana kwamba nguvu hiyo imo ndani ya mbegu. Sivyo. Wanaonasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho cha mimea, ni bakteria waitwao raizobia, wanaoishi katika vinundu vya mizizi, na kila mche huwapata upya udongoni. Kinachorithiwa ni uwezo wa kuwaita: mizizi hutoa kemikali ambazo bakteria wanaofaa huzitambua. Kunde haichagui sana. Soya, mgeni kutoka Asia ya Mashariki, mara nyingi huwakosa wenzi wake huku kwetu, ndiyo maana mbegu zake huchanganywa na raizobia kabla ya kupandwa. Mbung'o, yule inzi, ni tofauti: mama humrithisha mtoto bakteria kwa maziwa, mtoto angali tumboni.

Pasua kinundu, ukiona wekundu ndani, bakteria wako kazini.