Nyuzi Atazitoa Nani?

Miaka michache iliyopita mama mmoja kutoka Konde, kaskazini mwa Pemba, alinijia kliniki hapa Unguja akiwa na mwanawe wa miaka mitano ambaye, alipokuwa bado anatambaa, alitia mkono kwenye sufuria ya maji ya moto. Kidonda kilikuwa kimepona zamani, lakini kovu lilikuwa limevivuta vidole vitatu vya mkono wa kulia mpaka vikajikunja kiganjani, na mwaka ule mtoto alikuwa anaanza skuli. Nilimweleza kwa kirefu namna nitakavyolifungua kovu, kuvinyoosha vidole, kisha kuliziba pengo kwa ngozi itakayochukuliwa kinenani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Niwie radhi, daktari. Hayo ya kukata nimeyafahamu. Ninachotaka kujua, tukisharudi Pemba, nyuzi atazitoa nani?"

Tangu nianze kazi ya upasuaji rekebishi sijaulizwa na mgonjwa swali lililo bora kuliko hilo, na ninaandika haya kwa sababu natamani kila anayemtafuta daktari wa fani yangu aanzie hapo alipomalizia yule mama.

Wagonjwa wengi hutuchagua kwa njia tatu: jamaa aliyetibiwa akatoka salama, picha zilizoonekana kwenye simu, au bei. Siwalaumu hata kidogo. Fani yenyewe haijulikani vyema, na jina lake la upasuaji wa plastiki limewapotosha wengi. Bado ninaulizwa kama nitamtia mtu plastiki mwilini. Neno hilo asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kufinyanga, kuupa umbo. Sehemu kubwa ya kazi yetu visiwani haina uhusiano wowote na urembo. Ni watu walioungua, watoto waliozaliwa na mdomo sungura, vijana walioburuzwa na vespa na bodaboda, na makovu yaliyofura ambayo sisi tunayaita keloidi. Wanaokuja kwa ajili ya tumbo au matiti wapo, na idadi yao inaongezeka, nao wana haki ya kusikilizwa bila ya kusutwa.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi. Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi ni mtu ambaye, baada ya shahada ya kwanza ya udaktari, ametumia miaka kadhaa akijifunza upasuaji na hasa fani hii. Daktari wa kawaida aliyehudhuria kozi ya wiki mbili si bingwa, hata kama chumba chake kina marumaru na kiyoyozi. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina baraza lake la madaktari na Bara ina lake, kwa hiyo anayevuka kwenda Dar es Salaam aulize usajili wa huko. Kumuuliza daktari amesajiliwa wapi na amesomea nini si kumvunjia heshima, na akikasirika kwa swali hilo, basi mgonjwa ameshapata jibu.

Lakini cheti hakielezi yatakayotokea baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, na huko ndiko matokeo mengi yanakoamuliwa. Chukueni mfano wa ngozi ya kupandikiza. Inapowekwa juu ya kidonda haina mshipa hata mmoja unaoilisha; kwa siku mbili za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda chenyewe, na ni baadaye tu ndipo mishipa midogo ya damu inapoanza kuungana nayo. Katika siku hizo damu kidogo ikikusanyika chini yake, au bendeji ikiteleza, ngozi hiyo hufa hata ikiwa iliwekwa na mkono hodari kuliko yote. Ikishika, safari bado ni ndefu, kwa sababu kovu huendelea kujivuta na kubadilika kwa mwaka mzima, pengine mwaka na nusu. Mtoto wa Konde alihitaji kufungwa kibao usiku kwa miezi, kunyooshwa vidole kila siku, na kutazamwa mara kwa mara, maana mkono wa mtoto unakua na kovu halikui pamoja nao. Daktari asiyeyataja haya kabla ya upasuaji anamuuzia mgonjwa nusu ya kazi.

Nimewahi kumpokea mwanamke aliyesafiri nje ya nchi kupunguzwa ngozi ya tumbo baada ya uzazi wa watoto sita. Alichagua kwa picha na kwa bei, akalipa kila kitu kabla ya kumuona daktari, akafanyiwa upasuaji siku ya pili na kupanda ndege siku ya saba. Hakuna aliyemweleza kwamba baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo damu huweza kuganda kwenye mishipa ya miguu na donge likapanda hadi mapafuni, wala kwamba kukaa kitako kwa saa nyingi safarini huongeza hatari hiyo. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hilo halikumpata. Kilichompata ni mshono kufunguka chini ya kitovu wiki moja baada ya kufika nyumbani. Alipiga simu kule alikotibiwa na akaambiwa atume picha. Alituma, na hakujibiwa tena. Alipokuja kwangu hakuwa na hata karatasi moja inayoeleza alichofanyiwa, na kwa wiki tano nilitibu kidonda cha upasuaji ambao sikuujua. Siku ya mwisho aliniambia kilichomuumiza zaidi hakikuwa kidonda, bali kule kuona kwamba hakuna anayemjua.

Picha nazo zina la kusemwa. Picha ya kabla na baada ina thamani ikiwa zote mbili zimepigwa kwa mwanga mmoja na upande mmoja, mgonjwa akaridhia zionyeshwe, na ikaelezwa ya pili imepigwa baada ya muda gani. Kwa ngozi nyeusi kama zetu swali la muda ni kubwa, kwani keloidi huweza kuanza miezi baada ya kidonda kufunga, na picha ya wiki ya pili haisemi lolote juu yake. Nina mgonjwa, msichana wa Mjini, aliyepata keloidi baada ya kutogwa masikio. Ilikatwa mara mbili na watu wawili tofauti, na kila mara ilirudi ikiwa kubwa kuliko ya mwanzo. Hakuna ajabu: keloidi ikikatwa tu bila ya matibabu mengine, tafiti zimeonyesha hurudi kwa wagonjwa kuanzia 45 hadi wote katika kila 100. Inahitaji kuunganishwa na sindano za triamsinoloni, dawa ya kulisinyaza kovu, kila baada ya wiki chache, au hereni ya kubana, au vyote viwili, na uvumilivu. Bibi yake aliniuliza kwa uchungu kwa nini wale wa mwanzo hawakusema. Sikuwa na jibu la kumpa.

Naelewa kwa nini maswali hayaulizwi. Sisi tumelelewa kumheshimu mwenye elimu, na mwanamke anayetaka kuonyesha titi au tumbo lake ana haya zinazomfunga ulimi. Ndiyo maana nawasihi waje na dada, mama au mume, na waombe muuguzi wa kike awepo chumbani. Hiyo ni haki yao. Hata hivyo ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Pale mume anapojibu kila swali kwa niaba ya mkewe, humuomba kwa adabu anisubiri nje kidogo, na mara mbili nimegundua kwamba mke hakuutaka upasuaji ule kabisa.

Yule mama wa Konde sikuweza kumjibu siku ile. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja, nami nikatafuta muuguzi wa wodi ya upasuaji Pemba, nikamtumia maelezo na kumuonyesha kwa simu namna ya kuifungua bendeji ya kidonda na kuifunga upya. Tangu wakati huo sipangi tarehe ya upasuaji kwa mgonjwa wa Pemba kabla ya kumuandikia kwenye karatasi jina la atakayetazama kidonda, siku ya kutolewa nyuzi, na namba ya kupiga usiku. Mtoto alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Nyuzi alizitoa muuguzi huyo, na kibao mama alikifunga mwenyewe kila baada ya sala ya Isha kwa miezi minane. Mwaka jana walikuja kuniona. Kidole cha kati bado hakinyooki sawasawa na huenda tukakirudia atakapokua, lakini kalamu anaishika kwa mkono wa kulia.