Je, wajua? Jicho linalochuruzika machozi huenda ndilo kavu

Mtu akishuka kwenye bodaboda macho yanamchuruzika, au akikaa mbele ya kompyuta saa mbili akaanza kujifuta kwa leso, jibu la haraka ni kwamba machozi yamemzidi. Nami niliamini hivyo kwa miaka. Nilikuwa naamka kope zimeshikana kwa matongotongo, kingo zake nyekundu, macho kama yametiwa mchanga. Nanawa maji baridi, napata nafuu ya dakika chache, kisha nanunua matone ya kuua vijidudu. Siku daktari aliponiambia kuwa macho yangu ni makavu, nilimwomba arudie, maana leso niliyoshika ilikuwa imelowa.

Kosa linaanzia kwenye neno chozi. Tunaliwazia kama maji ya chumvi tu, yale ya kilio. Lakini kinachofunika jicho saa zote ni utando mwembamba mno, wa takribani maikroni 3. Unywele mmoja ni mnene kuuzidi mara ishirini au zaidi. Utando huo una ute unaoushikisha kwenye jicho, una maji, na juu kabisa una mafuta. Mafuta hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, kama 25 hadi 40 juu na 20 hadi 30 chini, na vitundu vyake viko ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Zinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la tabibu Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666.

Aliyewahi kuungua ulimi kwa supu ya mbuzi anaijua kazi ya mafuta hayo. Supu yenye utando wa mafuta haifuki mvuke, unadhani imepoa, kumbe mafuta yamezuia maji yasipae na joto limebaki ndani. Jichoni ni vivyo hivyo. Mafuta yakipungua, maji ya utando hupaa upesi, na sehemu za jicho hubaki wazi kabla hujapepesa tena. Neva za kioo cha jicho, yaani konea, ile sehemu angavu ya mbele, ni nyepesi mno kuhisi; neva hizo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu upande wa nje wa jicho hufungulia maji kwa wingi. Maji hayo ni sawa na ndoo iliyomwagwa kwenye udongo uliokauka: yanakimbia juu juu, yanashuka shavuni, na ukavu unabaki palepale. Upepo na kukodolea skrini huzidisha hali, kwa sababu mtu anayetazama skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, tena nusunusu.

Kwa nini mafuta yapungue? Mara nyingi yapo, ila yameganda. Fikiria chupa ya mafuta ya nazi. Dar es Salaam yanamiminika. Ipeleke Njombe mwezi wa Julai uikute imekuwa nyeupe, haitoki hata ukiipindua, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya kope yenye afya huyeyuka kwa joto la kope lenyewe. Tezi zikiugua, mafuta hubadilika, yakahitaji joto zaidi, yakawa mazito kama dawa ya meno na kuziba vitundu. Bakteria hustawi, ukingo huvimba na kuwasha: ndiyo blefaritisi, ambayo huandamana na macho makavu mara nyingi sana.

Ndiyo maana maji baridi hayakunifaa. Chupa ya Njombe hutiwa kwenye maji ya moto, na kope pia hutaka kukandwa: kitambaa safi, maji ya vuguvugu uliyoyapima kwenye mkono, macho yamefungwa, dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili hivi, kwa hiyo kichovye tena na tena. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake bila kulibonyeza jicho, na ufute ukingo kwa pamba safi. Ni kazi ya kila siku, kwa wiki kadhaa, na wengi huhitaji kuiendeleza. Wanja wa ukingo wa ndani hukaa juu ya vitundu vyenyewe, hivyo uache kwa muda.

Machozi ya bandia husaidia. Anayeyatia mara nyingi kwa siku atafute yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia yasiharibike. Vidonge vya mafuta ya samaki vinasifiwa sana, lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2018, uliowafuata watu 535 kwa mwaka mzima, haukuona vikishinda vidonge vya mafuta ya zeituni. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, si chai ya kunywa) nayo ushahidi wake bado ni dhaifu, na yakiingia jichoni yanaunguza. Matone yenye steroidi usiyanunue kwa kukisia: yakitumiwa kiholela huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Na si kila chozi ni la ukavu. Mfereji wa machozi ukiziba, au ugonjwa wa vikope (trakoma) ukizigeuza nywele zikachoma jicho, machozi hutoka vilevile. Maumivu makali, kuogopa mwanga au kuona kwa ukungu kusikoondoka ukipepesa, hayo hayangoji kitambaa. Nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo.