Wanandoa vijana kwenye umisheni: yanayosemwa na ukweli wake

Kijana akimaliza chuo cha Biblia na kufunga ndoa, kanisa humpangia kituo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: mtaa wa mwisho kabisa huko Makete, kijiji cha Kilolo kisichofikika kwa gari masika ikikolea, au kitongoji cha wafugaji kwenye tambarare za Usangu. Anaondoka na mkewe, godoro, masufuria na Biblia. Wanaondoka pia na mausia mengi ya ndugu na waumini, na baadhi ya mausia hayo si ya kweli. Kwa maoni yetu, nyumba nyingi za watumishi hazivunjwi na upinzani wa kijiji. Zinachoshwa na mambo ya maji, unga, posho na usingizi ambayo hakuna aliyeyasema mapema.

"Umisheni ni kazi ya wazungu"

Wamisionari wa Berlin na Wamoravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na Wamoravian wakajenga kituo chao Rungwe. Hilo linajulikana. Kisichosemwa sana ni kilichofuata: mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia nyanda za juu, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo sharika zilishikiliwa kwa sehemu kubwa na walimu na wazee wenyeji, watu waliotembea kwa miguu kutoka bonde hadi bonde. Kwa hiyo mtumishi wa kabila la Wabena na mkewe wakienda kukaa Usangu kati ya Wasukuma na Wamasai, wanaendeleza kazi iliyokuwa mikononi mwa wenyeji zaidi ya miaka mia iliyopita.

"Mke anakwenda kwa sababu mume ameitwa"

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, na huanzia kwenye barua ya uteuzi. Barua ina jina moja na posho moja. Lakini kijiji kinapokea watu wawili, na wiki ya kwanza tu mke amekwisha kuwa "mama mchungaji", hata kama mumewe ni mwinjilisti tu. Atafundisha watoto Jumapili, atasimama na umoja wa wanawake, atapika kila mgeni anapobisha hodi.

Katika Matendo 18, Akila na Prisila ni mume na mke, wote wawili ni washona mahema, na wote wawili ndio waliomchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Warumi 16:3 inamtaja Prisila kwanza. Hakuna hata mstari mmoja unaomwonyesha akiwa mfuasi wa safari ya mumewe.

Basi kabla ya kupakia mizigo, wote wawili wakae na mchungaji wa usharika waulize haya waziwazi: nyumba ni ya nani na nani anaitengeneza ikivuja? Posho inatoka tarehe gani, na isipotoka tumwone nani? Mke anategemewa afanye nini, na kipi si wajibu wake? Likizo ni lini? Majibu yaandikwe. Mke mwenye taaluma, awe mwalimu, muuguzi au fundi cherehani, asiiache. Cherehani barazani huleta hela ya mboga, na humpa mama huyo wateja na marafiki wanaomjua kwa jina lake.

Kisha maji. Nyumba ya watu wawili wenye wageni haipungui ndoo nne za lita 20 kwa siku. Kama chemchemi iko mwendo wa dakika 20, kwenda na kurudi ni dakika 40, na safari nne ni saa mbili na dakika 40. Mke akizibeba zote peke yake, hana nguvu ya kufundisha mtu yeyote jioni. Mume abebe. Wapo watakaoshangaa kumwona mwinjilisti na ndoo begani, na mshangao huo hupita. Dawa ya kudumu ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa na tangi. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48, na kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 48. Toa kinachomwagika, mvua ya milimita 25 hujaza tangi la lita 1,000. Kwa Rungwe hiyo ni mvua ya siku moja. Kosa la kawaida ni kuelekeza mvua ya kwanza ya Novemba moja kwa moja kwenye tangi: vumbi na kinyesi cha ndege vya kiangazi chote huingia humo. Ondoa bomba la kuingizia mpaka paa lioshwe.

"Mwenye imani hapangi bajeti"

Luka 14:28 inamsifu anayekaa kwanza akapiga hesabu ya mnara wake. Na mtumishi wa nyanda za juu ana sababu ya ziada ya kupiga hesabu, kwa kuwa fedha ya kanisa la kijijini inafuata msimu. Mavuno ya mahindi huanza Mei na kuendelea hadi Julai. Hapo sadaka ya mavuno inaingia, magunia na mikungu vinapigwa mnada nje ya kanisa, na posho inalipwa. Desemba hadi Februari hali inageuka: watu wamenunua mbolea, Januari wamelipa mahitaji ya shule, na maghala yamepungua. Posho ikichelewa miezi hiyo si lazima wazee wawe wabaya. Hela haipo.

Ndiyo maana chakula cha mwaka hununuliwa Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Mtu mzima anayekula ugali mara mbili hutumia kama gramu 400 za unga kwa siku. Wawili ni karibu kilo 290 kwa mwaka, yaani magunia matatu ya kilo 100, na wageni wanaongeza gunia moja au mawili. Sagisha dona. Ukikoboa sembe, karibu robo ya gunia inabaki kama pumba.

Mahindi yanayoharibika mara nyingi yaliwekwa mabichi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia viganja viwili vya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika tatu, kisha iache dakika 15. Chumvi iking'ang'ania kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipong'ang'ania, yajaze kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye nailoni mbili ndani: shindilia, toa hewa, funga nailoni ya ndani kwanza, halafu ya pili, kisha mfuko wa nje, kila moja peke yake. Dumuzi na vidudu wengine hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Mfuko ukitobolewa na panya, kazi yote imepotea, kwa hiyo uweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jambo moja la fedha halina mjadala: sadaka isilale nyumbani kwa mtumishi. Ihesabiwe na wazee wa kanisa wasiopungua wawili palepale ibada inapokwisha, iandikwe daftarini, isainiwe, ipelekwe kwa mhazini. Mtumishi mwaminifu ambaye sadaka imelala chini ya godoro lake hana namna ya kuthibitisha uaminifu wake siku hesabu ikipishana.

"Ukiombewa, acha dawa"

Hapa hatutapunguza maneno, kwa sababu watu wanakufa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa taifa zima ni 4.4. Katika ibada ya watu wazima themanini kule Njombe, ni rahisi wakawepo kumi wanaoishi na VVU. Mhubiri kijana akisema "tupa vidonge, umepona", anasema na watu hao.

Dawa za ARV, yaani za kufubaza VVU, huzuia virusi kuzaliana; haziviondoi mwilini. Mtu akiacha, virusi hurudi ndani ya wiki chache, kinga inaanza kushuka, na dawa ikitumiwa kwa kurukaruka virusi hujifunza kuishinda. Anayemeza kila siku na kipimo kikaonyesha virusi havionekani haambukizi mwenzake kwa ngono, na anaweza kuzaa. Mama asiyepata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa na kufuata ushauri wa kliniki hushuka chini ya 5. Mwombee mgonjwa, mshike mkono, kisha muulize tarehe yake ya kurudi CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ni lini na kama nauli anayo. Wakati wa mfungo, kidonge kinamezwa kwa maji kama kawaida. Wajawazito na wenye kisukari wasifunge chakula bila kuongea na mtoa huduma.

Wachumba wengi huombwa kupima kabla ya ndoa, na ni jambo jema. Lakini majibu ni ya wachumba wenyewe. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti UKIMWI inalinda siri hiyo, na karatasi haipitishwi mezani kwa wazee.

"Mkaa uliokolea hauna madhara"

Kituo kikiwa Makete au Njombe, Juni na Julai usiku ni baridi kali, na wageni wa ukanda huo huingiza jiko la mkaa chumbani wakiamini kwamba likishakuwa jekundu bila moshi ni salama. Makaa mekundu ndiyo hutoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hazisikii, anafia usingizini. Ota moto sebuleni dirisha likiwa wazi, na jiko litoke nje kabla ya kulala. Kitandani weka blanketi moja chini ya shuka, maana baridi ya godoro hupanda kutoka chini, na chupa ya maji moto miguuni.

Maharage nayo hayaivi upesi huko juu. Maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi Mbeya mjini, na 91 hivi kwenye uwanda wa Kitulo. Loweka usiku kucha.

"Mlango wa mtumishi haufungwi"

Unafungwa. Wanandoa wachanga wasio na siku yao hufika mwaka wa pili wakizungumza ratiba tu. Jumatatu inafaa, kwa kuwa Jumapili imekula nguvu zote. Tangazeni kanisani: Jumatatu, asiyekuwa na mgonjwa au msiba aje Jumanne. Wazee wataielewa kama mmoja wao ndiye atakayeitangaza. Sala ya pamoja iwe fupi na ya kila siku, robo saa kabla ya kuwasha moto wa chai, mmoja asome na mwingine aombe, kesho mbadilishane. Sala za saa mbili zinazofanyika mara moja kwa mwezi hazijengi nyumba.

Na mtoto asipopatikana mapema, maneno ya watu yasiwapeleke kwa waganga. Mkikaa pamoja miezi 12 bila kuzuia mimba na isiingie, nendeni hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vipimo vya mke, kwa hiyo kifanyike mwanzoni.

"Mke na mume hawafichani"

Ya nyumba yenu, sawa. Lakini aliyokuambia muumini kwa machozi si yako kuyapeleka kitandani. Kijijini neno halihitaji siku mbili. Dada aliyemweleza mama mwinjilisti kuhusu kipigo cha mumewe akilisikia neno hilo kwenye mahubiri, hata bila jina, hatarudi tena, na wenzake hawatakuja. Kama jambo linahitaji msaada wa mwenzako, omba ruhusa kwanza: "Naweza kumshirikisha baba?" Jambo la hatari kwa maisha ya mtu au mtoto ndilo pekee linalovuka mpaka huo, na linapelekwa kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi.

"Ukikataa ulanzi umewatukana"

Si kweli, ukikataa pombe hiyo ya mianzi vizuri. Pokea kiti, salimia kila mmoja, omba maji au chai. Wengine husema mtogwa, ulanzi mtamu uliogemwa asubuhi, si pombe. Ukigemwa asubuhi, jioni umekwisha kuchachuka. Kama kanisa lako linakataza pombe, usijiwekee mtego huo.

"Kiswahili kinatosha"

Kinatosha sokoni na kwenye mimbari. Hakitoshi kwa bibi wa miaka themanini wala msibani. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena na "ndaga" kwa Wanyakyusa hufungua mlango, lakini lengeni zaidi: ndani ya miezi mitatu mjue salamu za asubuhi na jioni, kutoa pole, Sala ya Bwana, na nyimbo tatu za mazishi kwa lugha ya hapo. Mwalimu bora ni mzee wa kanisa asiyekuwa na haraka, nusu saa kwa siku, mkirekodi kwa simu na kurudia usiku.

Msibani mume akae na wanaume, na kaburi likichimbwa ashike jembe zamu yake. Mke afike na unga au kuni, aingie jikoni, aulize nani anaongoza kabla ya kushika chochote. Rambirambi iandikwe daftarini kwa majina yenu wote wawili, hata ikiwa shilingi elfu mbili. Kisha rudini siku ya tatu au ya nne, watu wakiwa wametawanyika, mkae na wafiwa bila kuhubiri.