“Tia saruji tu, fundi”: maneno niliyochoka kuyasikia dikoni

Kaja tena kijana hapa dikoni, pwani wanapofikia wavuvi, na habari ileile. Kaikuta mashua iliyoachwa imelala mikokoni, mbao zimeachana hata mwanga unapita, na keshanunua mfuko wa saruji wa kuzibia. Nikamwambia aurudishe dukani kabla hajaufungua.

Mianya ile si dalili ya chombo kufa. Mbao zikikaa juani husinyaa, zikipata maji huvimba na kukutana tena. Ndiyo sababu tunakalafati, yaani tunaziba mianya, kwa pamba iliyolowa mafuta: ubao ukivimba, pamba hubanwa ikakaza. Saruji haibanwi, wala hizi gundi ngumu za madukani. Ukijaza mwanya wakati ubao umekauka, siku chombo kikishushwa ubao utavimba ukose pa kwenda. Utajisukuma nje, uachie mataruma, yaani mbavu za chombo, na kung’oa misumari. Mashua iliyotaka pamba sasa inataka mbao mpya, kisha mtu analaumu bahari.

Kwanza usizibe kitu. Tandika magunia ndani, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Ya bahari, nasema, maana maji ya mvua yaliyotuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, ndiyo yanayoozesha chombo. Kisha kivute hadi maji yanapofika, kifunge, ukiache kijae na kukauka maji yakijaa na kupwa, siku kadhaa. Mianya itakayobaki ndiyo ya kukalafati. Watu hawana subira hiyo. Wanataka kuvua kesho.

“Nje mbao nzima, haina shida.” Hili nalo! Mnyoo wa baharini, ambaye kwa kweli ni jamaa wa chaza, huingia akiwa mdogo sana na tundu lake ni kama ncha ya sindano. Ndani anakua na kupanua njia mpaka ubao unakuwa sega la nyuki. Basi usipapase kwa kiganja, choma kwa kisu: kando ya mkuku (uti wa chini wa chombo), chini ya fashini (mti wa ncha ya chombo), penye kitako cha mlingoti. Kisu kikizama kama kwenye boga, ubao huo utoke. Na ukiona duara jeusi kuzunguka msumari, jua kutu imeshaula ubao na msumari haushiki kitu.

“Kimeachwa, basi ni changu.” Si chako. Huenda mwenyewe yuko dago, kambi ya wavuvi, au mgonjwa, au kafariki na warithi hawajagawana. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji Baharini wa 1989 humpa aliyeokoa haki ya ujira, haumpi chombo, na ujira wenyewe ni pale uokoaji ulipoleta faida. Hapa Unguja anza kwa bwana diko, msimamizi wa diko, uende kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, kisha Mamlaka ya Usafiri Baharini. Soma namba ubavuni kabla hujaikwangua. Mimi siku hizi sishiki tezo ya kuchongea mbao mpaka nione karatasi.

Rangi? Ukipaka juu ya ubao mbichi unafungia unyevu ndani, na kuoza kunaendelea usipokuona.

Tanga usilisifu kwa weupe wake. Jua mara nyingi humaliza uzi kabla ya kitambaa. Shika pande mbili za mshono uvute kwa nguvu. Mshono ukiachia, lishone tanga upya lote kabla hujalifunga kwenye foromali, mti unaolibeba.