Joan wa Akka: binti wa mfalme na hati ya ardhi

Anayetaka kumwelewa Joan, binti wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, asianzie kwenye ndoa zake mbili ambazo husimuliwa zaidi, bali aanzie kwenye makubaliano ya ardhi ya mwaka 1290. Makubaliano hayo yaliandaliwa kwa faida ya baba yake, lakini ndiyo yaliyompa binti huyo nguvu ya kumkaidi.

Joan alizaliwa mwaka 1272 katika bandari ya Akka, huko Palestina, wakati wazazi wake walipokuwa kwenye Vita vya Msalaba. Waliporudi Ulaya walimwacha kwa bibi yake mzaa mama huko Ponthieu, kaskazini mwa Ufaransa, akalelewa huko hadi mwaka 1278. Akiwa bado mtoto aliposwa na Hartmann, mwana wa Mfalme Rudolf wa Ujerumani, lakini mwaka 1281 kijana huyo alizama katika mto Rhine.

Posa iliyofuata ilitoka kwa Gilbert de Clare, kabaila wa Gloucester, aliyemzidi Joan umri kwa karibu miaka 30 na ambaye alikuwa miongoni mwa watu wenye ardhi nyingi kuliko wote nchini. Katika makubaliano yale ya mwaka 1290 mfalme aliweka sharti zito: kabla ya harusi, Gilbert aikabidhi kwake ardhi yake yote, kisha arudishiwe ikiwa mali ya pamoja ya mume na mke, na irithiwe na watoto watakaozaliwa na Joan. Mabinti wawili ambao Gilbert aliwapata katika ndoa yake ya kwanza waliwekwa kando. Ni vigumu kusoma habari hii bila kuwaonea huruma wasichana hao.

Gilbert alifariki Desemba 1295, na Joan akabaki mjane wa miaka 23 mwenye watoto wanne wadogo na milki kubwa mkononi mwake. Yeyote ambaye angemwoa angeshika milki hiyo, na kwa hiyo baba yake akapanga kumwoza kwa Amadeus, mtawala wa Savoy, nchi iliyokuwa kwenye milima ya Alpi. Joan alikuwa amekwisha kuamua vingine. Alikuwa amemwomba mfalme ampe uaskari wa heshima, yaani cheo cha “knight”, mpambe mmoja wa nyumba yake, Ralph de Monthermer, na mwanzoni mwa mwaka 1297 akafunga naye ndoa kwa siri. Habari ilipofichuka, Ralph alifungwa katika ngome ya Bristol. Mwandishi mmoja wa historia wa zama zile anasimulia kwamba Joan alijitetea kwa hoja hii: kabaila mkubwa akioa mwanamke maskini hakuna anayemlaumu, basi kwa nini alaumiwe mwanamke mwenye cheo anayempandisha kijana shujaa? Kufikia Agosti mwaka huohuo Ralph alikuwa huru, ameapa utii kwa mfalme, na kwa miaka yote ambayo mkewe aliishi alitambuliwa kuwa kabaila wa Gloucester. Walijaliwa watoto wanne.

Moyo huo alikuwa nao pia kwa ndugu zake. Mwaka 1305 mfalme alipomkasirikia mwanawe Edward, mrithi wa kiti, na kumkatia matumizi, Joan alimpelekea mdogo wake muhuri wake mwenyewe ili aagizie mahitaji kwa jina lake. Katika zama ambazo muhuri ndio uliothibitisha hati, kumpa mtu muhuri wako kulikuwa sawa na kumkabidhi mkono wako.

Joan alifariki Aprili 1307 na kuzikwa katika kanisa la watawa wa Mtakatifu Augustino huko Clare, miezi michache kabla ya baba yake kufariki. Mwanawe wa kiume wa ndoa ya kwanza, Gilbert, aliuawa katika vita vya Bannockburn, huko Uskoti, mwaka 1314 bila kuacha mtoto, na milki ikagawanywa kwa dada zake watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Elizabeth, aliyefiwa na waume watatu, alitumia sehemu ya utajiri wake kukifadhili upya chuo kidogo cha Cambridge mwaka 1338, na chuo hicho hadi leo kinaitwa Clare.