Je, wajua kwa nini kasi ya wastani haitoshi kupimia umeme wa mikondo ya bahari?

Mtu anayesubiri pantoni pale Feri, Magogoni, akiyatazama maji kwa makini, huyaona yakiingia bandarini kwa nguvu na, baada ya saa sita hivi, yakirudi yalikotoka. Nje zaidi, kwenye bahari kuu, upo mwendo mwingine usiogeuka: Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao mwaka mzima hupeleka maji upande wa kaskazini kando ya Tanzania. Je, wataalamu hukadiriaje umeme unaoweza kuvunwa humo?

Hesabu yao huanza na kanuni moja: nguvu iliyomo katika maji yanayopita hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takribani kilo 1,025, ilhali ya hewa ina kilo 1.2 tu, na ndiyo maana hata mkondo unaoonekana mpole hubeba nguvu nyingi. Katika kila mita ya mraba inayoukabili mkondo, kasi ya mita 0.5 kwa sekunde ina wati 64 hivi. Kasi ya mita 1 ina wati 512. Na kasi ya mita 1.5 hufikia wati 1,730.

Hapo ndipo wastani unapopotosha. Tuchukue mfano wa kubuni wa mahali ambapo maji huenda kwa mita 1.5 nusu ya mwaka na kwa mita 0.5 nusu iliyobaki. Wastani wa kasi ni mita 1, nasi tungedhani tumepata wati 512, kumbe wastani halisi wa nguvu ni karibu wati 897. Hata hivyo, habari hiyo njema ina kasoro yake, kwa kuwa mitambo mingi haianzi kuzunguka kabla kasi haijakaribia mita 1. Nusu ya mwaka mapanga yangesimama tu. Kwa hiyo kinachotafutwa ni orodha ya kasi za kila saa, si tarakimu moja.

Kwa pwani yetu mfano huo hauko mbali na hali halisi. Kusi linapovuma, takribani Mei hadi Oktoba, upepo husukuma upande uleule unaoelekea mkondo na kuuongezea kasi. Kaskazi likifika, upepo huupinga, nao hulegea. Juu ya hayo kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, ambayo hubadilishana ndani ya mwezi mwandamo. Kipimo cha mwezi mmoja chaweza kutenganisha maji kujaa na kupwa, lakini kwa maoni yangu kipimo chochote cha hapa kisichotimiza mwaka ni nusu ya kazi.

Chombo kinachotumika zaidi huwekwa sakafuni mwa bahari, kikatuma sauti kwenda juu. Sauti hiyo hugonga chembechembe zinazosafiri na maji na kurudi ikiwa na mlio uliobadilika, kama honi ya bodaboda inavyobadilika inapokupita, na mabadiliko hayo huonyesha kasi ya kila tabaka la maji. Satelaiti husaidia mbali na nchi kavu, ila karibu na ufuo na kati ya visiwa vipimo vyake hufifia.

Baada ya hapo huja makato. Kinadharia mtambo uliosimama peke yake katika maji wazi hauwezi kunasa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu inayoupitia, na kwa kweli hunasa pungufu ya hapo. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, hivyo nanga na nyaya zingekuwa ghali; ule wa Unguja una kina kidogo zaidi, lakini boti za Dar es Salaam na Zanzibar hupita humo kila siku. Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, yenye matumbawe ambayo hakuna mpimaji angeyapuuza.

Mwisho ni suala la nchi kavu. Waya wa baharini unaopeleka umeme Unguja huanzia Ras Kiromoni, kaskazini mwa jiji, na kuibukia Fumba. Mkondo mkali ulio mbali na njia ya aina hiyo waweza kuzidiwa thamani na mkondo wa wastani ulio karibu nayo.